Nimenyoa Mpaka Ndevu, na Foleni ya Mashine Haijarudi

Ndugu Mshauri wa gazeti, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi marahaba, tusipotezeane muda.

Mimi ni Mzee Lyamba wa Misunkumilo hapa Mpanda, na jina langu liandike lilivyo, usiniite "msomaji mwenye huzuni" kama wale wengine mnaowaficha, maana huku hata ukinificha watanitambua kwa maneno. Shule niliishia darasa la tatu, la nne nililichungulia dirishani nikaona mwalimu ana fimbo nene nikarudi zangu kuchunga mbuzi, kwa hiyo ukikuta sentensi inakimbia bila kupumua ujue ni mimi, siyo kosa la mpiga chapa.

Naomba unisaidie kuhusu mashine yangu ya kusaga. Ni injini ya dizeli, mzee mwenzangu lakini ana pumzi kunishinda, na ilinunuliwa kwa tumbaku ya mke wangu Goreth, sikatai, yeye ndiye aliyelima, mimi nilikuwa nasimamia nikiwa nimekaa. Mwaka jana hapa kwangu madebe yalikuwa yanapangwa kutoka mlangoni mpaka kwenye mpapai wa jirani, na mpapai wenyewe ulikuwa mweupe kwa vumbi la unga, na sasa foleni imekatika kama mtu aliyezima redio, nakaa peke yangu na injini tunatazamana. Goreth amesema mahindi mapya yakianza kuvunwa na foleni haijarudi, injini inang'olewa, inapakiwa kwenye lori na kwenda Sitalike kwa kaka yake, mtu ambaye hata kibatari kinamshinda kuwasha. Nikamuuliza, "Na mimi je?" Akasema lori litakuwa limejaa.

Usidhani nimekaa tu. Nimetafuta matatizo mpaka mengine nadhani nimeyatengeneza mwenyewe. Kwanza nilisema labda watu hawasikii kwamba nimewasha, nikafunga kopo la maziwa ya unga kwenye bomba la moshi ili mlio ufike mbali, na kweli ulifika, ulifika mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa aliyekuwa amelala na homa, akaja na shuka lake mabegani kunitukana. Halafu nikasema mlango umechakaa, nikaupaka rangi ya bluu, nzuri kabisa, kesho yake wakaja kina mama wawili na watoto mgongoni wakaniuliza chanjo zinaanza saa ngapi. Nikachonga benchi la wateja, likakaliwa na wazee wenzangu, wanacheza bao kutwa nzima na hakuna hata mmoja mwenye punje ya kusaga. Panya walikuwepo, nikaleta paka, paka akaacha panya akala kifaranga cha jirani, sasa nina panya, nina paka na nina kesi.

Nikamuuliza Goreth, maana yeye ndiye mwenye mali, akajibu huku anapepeta, hata hakuinua uso, "Tatizo la mashine hii liko hapo chini ya pua yako." Nikachukua kioo nikajitazama nikaona kweli, ndevu zimejaa unga kama mtu aliyefufuka, nikanyoa zote, ndevu nilizofuga tangu Azimio la Arusha, sasa nafanana na mama yangu mzazi na foleni bado haijarudi. Nilipomwonyesha Goreth kidevu aligeuka akaingia ndani.

Nimemuuliza na mteja pia, usije ukasema sikuuliza. Yupo Sikujua, mama wa Kisukuma, huyu hajaniacha. Nikamwambia, "Mama, niambie ukweli, mashine yangu ina ubaya gani?" Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Babu wee, mashine haina ubaya, ila chekeche lako limetoboka, linapitisha mawe ya kujengea nyumba." Nikamwambia, "Mawe hayo ni ya bure, wengine wanayalipia." Akasema, "Ndiyo maana nakuja, babu, nikirudi nyumbani nina unga na kichekesho."

Na hapo nikueleze kitu ambacho mashine yangu inacho na ya mwenzangu haina, ili ujue siibiwi wateja kwa ubovu wa huduma. Mimi ni Mfipa, na sisi Wafipa ni watani wa Wanyamwezi, hilo halihitaji barua. Akija Mnyamwezi na debe lake namuuliza haya mahindi umeyaiba kwa nani, naye ananiuliza hizo mvi ni za uzee au ni unga wa watu, tunacheka, debe linasagwa. Walipokuja Wasukuma na ng'ombe zao nikasema hawa wakiongea na Wanyamwezi wanasikilizana, basi ni walewale, nikawatania, nao wakanirudishia na nyongeza. Walipokuja Warundi nikaona ni ubahili kuwatania wote nikawaruka wao, watajiona wametengwa, nikawaingiza nao. Ndiyo ukarimu wangu, kila anayekuja anasagiwa na kutaniwa, habaguliwi mtu. Abednego mwenye mashine nyingine anasaga kimya kama anafukia maiti.

Na hao Warundi ndio waliokuwa nusu ya foleni, maana walikuwa wanakuja kwa pamoja wakitoka mazoezi ya kwaya, mbele yao Annonciata, ndiye anayewafundisha nyimbo, akisema tukae wanakaa, akisema twende wanakwenda. Wakisubiri zamu walikuwa wanaimba, mpaka watu wa Kashaulili ambao wana mashine karibu na kwao wakawa wanakuja kusaga kwangu ili wasikilize, ingawa mimi nilikuwa nawaambia ile sauti ya tatu ni ya ndama aliyefungiwa.

Tuendelee na matatizo. Mkanda nao ulikuwa unateleza, ukaja kukatika wiki ile aliyofariki mzee Salvatori, baba mkwe wa Annonciata, mzee mmoja mrefu aliyekuwa anachechemea mguu wa kushoto. Nakumbuka kwa sababu Annonciata alikuja na wenzake kusaga unga wa msibani, nyuso zimekunjamana, na mimi sipendi kuona watu wamenuna kwenye mashine yangu, nikafanya kama mtani anavyotakiwa kufanya kwenye msiba, nikavaa gunia kichwani, nikashika fimbo, nikachechemea mguu wa kushoto mpaka katikati ya madebe, nikasema, "Ni mimi Salvatori, nimerudishwa, kule hawana mashine, wanakula mbichi." Kwa Wanyamwezi hapo ningemwagiwa pumba, ningefukuzwa kwa vicheko na kuku ningepewa ili niondoke. Hawa wakanyamaza. Nikaona huzuni imewazidi, nikaongeza dozi, nikalala chini kabisa nikakunja mikono kifuani. Annonciata akasema, "Mutama, zima mashine." Mutama kwao ndiyo mzee, kwa hiyo heshima ilikuwepo. Akafunga unga uliokuwa umeshatoka, mahindi yaliyobaki akayabeba vilevile hayajasagwa, wakaondoka. Malipo nilikataa, nikasema ni ya msiba, lakini asubuhi yake niliyakuta yamewekwa juu ya mashine, yote, hata ya yale mahindi ambayo hayakusagwa. Ndiyo maana nakuambia wateja niliowapoteza walikuwa waaminifu sana. Msibani kwenyewe sikwenda, maana utani wangu nilikuwa nimeshaumaliza, na mkanda nao ndiyo ulikuwa umekatika. Basi nikaweka mkanda mpya. Halafu kuna paa, linavuja upande wa chekeche.

Sasa sikia ajabu. Mashine ya Abednego iko kule juu, lazima upande mlima, haina hata paa la kuvuja, haina benchi, mkanda ameuunga kwa mpira wa baiskeli, watu wanasimama juani, na bado kina mama wanapita mbele ya mlango wangu wa bluu na madebe kichwani, wananisalimia vizuri kabisa, "Shikamoo," bila utani wowote, wanapanda mlima kwenda kwake. Kama siyo dawa ni nini? Nilikwenda kwa mtaalamu mmoja akanipa kitu cha kufukia mlangoni, nikafukia, paka akafukua.

Basi niambie nianze na lipi, paa, panya, chekeche au Abednego, maana dizeli iliyobaki na nguvu zilizobaki zinatosha tatizo moja tu. Na ujibu haraka, lori la Sitalike Goreth ameshaliulizia nafasi.

Ni mimi mwenye kidevu cha baridi,
Mzee Lyamba, Misunkumilo.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Lyamba, marahaba yako nimeipokea na shikamoo yangu hiyo hapo. Kabla hatujafika mbali nikufahamishe kwamba mimi Dorotea ni Mnyamwezi wa Sikonge, kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo wewe Mfipa uliyenyoa ndevu ukauacha mdomo, wafukuze hao wacheza bao, kaa kwenye benchi lako mwenyewe, nikuseme. Na huruhusiwi kukasirika, unazijua taratibu.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, tukacheka mpaka mhariri akafungua mlango kuuliza kuna nini. Nilipofika kwa marehemu Salvatori nikaacha kucheka. Mhariri akauliza, "Mbona umenyamaza?" Nikamwambia nimeliona tatizo la huyu mzee, limekaa katikati ya mkanda na paa kama kipuri kingine.

Mzee wangu, umetafuta kwa bidii, hilo nakusifu. Wengi wakikosa wateja wanakaa kulaumu serikali. Lakini wewe ulikuwa unashika tatizo lolote linaloshikika. Mlango unapakika rangi, ukaupaka. Kopo linafungika, ukalifunga. Ndevu zilikuwa karibu na mkono, masikini, zikaondoka bila kosa. Hukujiuliza hata mara moja foleni ilikatika lini, na nani alikuwa wa kwanza kuondoka.

Umeandika mwenyewe kwamba ilikatika kama mtu aliyezima redio. Sasa paa halivuji ghafla hivyo. Chekeche halitoboki asubuhi moja. Panya hawaji kwa lori. Mambo hayo yangekupunguzia wateja polepole, leo huyu, mwezi ujao yule. Foleni nzima ikiondoka kwa pamoja, kuna siku ilipoondoka, na wewe ulikuwepo, ulikuwa umelala chini na gunia kichwani.

Tena kuna ushahidi mwingine umenipa bila kutaka. Unasema kwa Abednego hakuna paa, hakuna benchi, mkanda ni wa kuungaunga, jua ni kali na mlima ni wa kupanda. Mama aliyebeba debe la mahindi kichwani akakupita mlangoni ili apande mlima akasimame juani, huyo hakimbii paa lako. Anakukimbia wewe. Ungempa kiti cha sofa angepita. Na Abednego hana dawa yoyote, mzee. Anasaga kimya, basi. Hiyo ndiyo dawa.

Ulimuuliza Sikujua, nako ulikosea mlango. Sikujua amebaki. Aliyebaki atakuambia kinachomkera, hawezi kukuambia kilichomfukuza mwenzake. Ungeuliza waliokwenda. Lakini naelewa kwa nini hukuwauliza, maana wanakupa shikamoo nzuri na wewe unaiona heshima. Mtu uliyekuwa unamwita ndama kila wiki akianza kukusalimia kama anamsalimia hakimu, hiyo siyo heshima, amekuweka mbali. Na yale malipo juu ya mashine usiyaite uaminifu. Ulimpa bure ya msiba akairudisha yote, hata ya mahindi aliyoyabeba mazima. Alikuwa anakuambia kwamba hataki kitu chako nyumbani kwake. Alikuambia kwa adabu, kwa kuwa yeye anayo.

Sasa hili la utani. Mimi na wewe tunaweza kutukanana mpaka kesho, na siku nikifa njoo uvae kanga yangu na uchechemee utakavyo, watu wangu watakupa kuku na kukufukuza na pumba. Walizaliwa wakalikuta hilo. Wasukuma walikupokea kwa kuwa ni wacheshi na walikuwa na namna ya kukurudishia. Annonciata hakukupa ruhusa hiyo, wala mama mkwe wake, wala kanisa lake. Utani haugawiwi kwa kila anayebeba debe. Wewe ulipolala pale chini ulidhani unawafuta machozi, na ninaamini hivyo, najua huna roho mbaya. Wao walichokiona ni mwenye mashine anamcheka baba yao kabla hajazikwa, akimwigiza mguu uliomsumbua maisha yake yote. Na hukwenda hata kuzika! Mnyamwezi gani alikufundisha utani wa kuishia mashineni?

Goreth alikuambia ukweli kwa sentensi moja ukakimbilia wembe. Mwanamke huyo nampa pole kwa niaba ya wasomaji wote.

Unataka ujue uanze na lipi. Paa liache, mvua zinakaribia kwisha, litangoja mpaka zirudi. Panya waache na huyo paka wayamalize wenyewe, ila kifaranga kilipe. Abednego mwache kabisa, na ukimpitia msalimie. Kopo litoe kwenye bomba leo hii, maana mwenyekiti naye ni mteja. Chekeche ni tatizo la kweli na utalitengeneza, lakini siyo la kwanza. Ukitengeneza chekeche leo utakuwa na unga laini na hakuna wa kuusubiri. La kwanza ni nyumba ya marehemu Salvatori, na usishike lingine kabla hujatoka huko. Ukilimaliza hilo, hayo mengine yatakuwa matatizo ya kawaida ya mtu mwenye wateja, na hayo kila mtu anayo.

Sasa nisikilize vizuri, maana najua unavyoweza kuharibu hata kuomba msamaha. Nenda Jumapili mchana watu wakishatoka ibadani. Fimbo iache nyumbani hata kama goti linauma. Peleka maharage au kuni, vitu ambavyo jirani angepeleka siku ile, lakini unga usipeleke, wataona umekwenda kuwanunua. Usitaje mashine. Usitaje foleni, wala Sitalike, wala mlango wa bluu. Usiseme "nilikuwa natania tu," maana hilo neno linamfanya aliyeumia aonekane mjinga asiyejua kucheka. Usianze na Annonciata, anza na mjane, ndiye mwenye msiba. Mwambie hivi, na usiongeze hata neno: "Mama, nilimcheka mzee wako siku ya msiba wake. Nilikosea. Nisameheni." Halafu nyamaza. Najua hapo ndipo patakuwa pagumu, pagumu kuliko kusukuma injini kwa mkono. Wakinyamaza, nyamaza nao. Wakikusema, sikiliza mpaka mwisho. Wakicheka, wewe usicheke wa kwanza. Wakikupa kinywaji, kunywa. Wasipokupa, shukuru na uondoke.

Siwezi kukuahidi kwamba watarudi. Inawezekana Jumatatu ukawasha mashine na wakakupita tena na madebe yao. Hapo ndipo utajua kama ulikwenda kuomba msamaha au ulikwenda kutafuta wateja, na wao pia watakuwa wanakuangalia wajue ni lipi. Endelea kuwasalimia kama watu, uwaulize hali ya mjane, na siku mmoja wao akiingia na debe msagie ukiwa kimya kama Abednego. Wanyamwezi na Wasukuma watanie mpaka uchoke, hao ni wako. Kwa mwingine yeyote ngoja akutanie yeye kwanza, na asipokutania mpaka anazeeka, basi ni mteja tu, na wateja ndio uliokuwa unawatafuta.

Kuhusu lori, nimeamua kutokukuonea huruma. Tumbaku ililimwa na Goreth, injini ni ya Goreth, na kama Jumapili hii itapita ukiwa umekaa hapo unatafuta kitu kingine cha kunyoa, nitamwandikia yeye mwenyewe nimwambie apakie hata mlango. Lakini najua utakwenda, maana mtu asiyetaka kusemwa haandiki barua ndefu hivi kwa Mnyamwezi. Basi mwambie mkeo mapema mnakwenda wapi, na akikuuliza mara mbili kama ni kweli mjibu vizuri. Mkifika, Goreth ndiye wa kwanza kuingia, wewe nyuma yake, na mdomo wako uwe wa mwisho kabisa kuvuka kizingiti.